Kusafiri angani bila kupiga risasi: Elite Dangerous kwa mchezaji asiyetaka vita

Elite Dangerous ni mchezo wa video wa safari za anga, uliotolewa tarehe 16 Desemba 2014 na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza. Mchezaji anapewa chombo kidogo cha anga, pesa kidogo, na galaksi nzima ya kuzunguka. Hakuna anayemwambia la kufanya. Anaweza kuwa mfanyabiashara, mchimba madini, mbeba abiria, mchora ramani, mwindaji wa wahalifu, askari wa kukodiwa au haramia. Silaha zimo, tena nyingi. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha kuzitumia, na wako watu waliocheza miaka mingi bila kuharibu hata chombo kimoja cha mwingine.

Makala hii inaeleza namna jambo hilo linavyowezekana. Tumeiandika kwa ajili ya wazazi, walimu wa Ecodim na viongozi wa vijana, ambao kila siku wanasikia milio ya bunduki kutoka kwenye simu na kompyuta za watoto na kujiuliza kama michezo yote ni ya vita. Mchezo huu unataka kompyuta yenye nguvu na intaneti isiyokatika, na mega zake si kidogo. Kwa hiyo watoto wa jamaa zetu walio Ulaya na Amerika wanaupata kwa urahisi kuliko watoto wa huku. Lakini swali lililo ndani yake ni letu sisi wote: mahali ambapo silaha ziko mikononi mwa wengi, mtu asiyetaka kuzitumia anaishi namna gani, na anaheshimiwa kwa lipi?

Mchezo wa kwanza ulihesabu kuua peke yake

Elite Dangerous ni mtoto wa mchezo wa zamani. Mwaka 1984 vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo ulioitwa Elite kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro. Kumbukumbu ya kompyuta hiyo ilikuwa ndogo kuliko picha moja inayopigwa na simu ya leo. Hata hivyo waliweza kuingiza ndani yake galaksi 8, kila moja na sayari 256, yaani sayari 2,048 kwa jumla.

Mchezaji alianza na kredi 100. Alinunua chakula, nguo, mashine au madini kwenye sayari moja na kwenda kuuza kwenye nyingine. Aliyejua bei aliweza kutajirika kwa biashara ya halali. Lakini cheo chake hakikupimwa kwa utajiri, wala kwa sayari alizozifikia. Kilipimwa kwa jambo moja tu: hesabu ya vyombo alivyoviharibu. Anayeanza aliitwa "asiye na madhara". Kadiri alivyoharibu vyombo vingi ndivyo alivyopanda, mpaka akaitwa wa hatari, kisha wa kuua, na mwishowe Elite. Kufika huko kulitaka vyombo 6,400.

Kwa hiyo mfanyabiashara aliyezunguka galaksi zote nane bila kumgusa mtu alibaki kwenye ngazi ya chini kabisa, pamoja na mtoto aliyefungua mchezo leo asubuhi. Amani haikukatazwa, ila haikuhesabiwa. Na wachezaji, kama watu wote, walikimbilia kile kilichohesabiwa.

Mwaka 2014: ngazi zinaongezeka

Miaka karibu 30 baadaye, Braben akiwa kiongozi wa Frontier, kampuni hiyo iliomba wapenzi wa mchezo wa zamani wachange pesa kusudi utengenezwe upya. Mchango ulianza Novemba 2012 kupitia Kickstarter na kupita pauni milioni 1.5. Mchezo uliotoka miaka miwili baadaye ulikuwa na ngazi tatu mahali pa moja: ngazi ya vita, ngazi ya biashara na ngazi ya uchunguzi. Kila moja ina vyeo vyake, na kila moja inaishia kwenye jina lile lile, Elite.

Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini yaligeuza mambo mengi. Anayechora ramani anapanda kwa ripoti anazouza. Anayefanya biashara anapanda kwa faida anayopata. Kuna mfumo wa nyota uitwao Shinrarta Dezhra, ambao mtu haruhusiwi kuingia bila kibali, na kituo chake kinauza karibu kila aina ya chombo na kifaa. Kibali hicho anapewa aliyefikia Elite katika ngazi yoyote kati ya hizo tatu. Mlango ni mmoja kwa mpiganaji na kwa mchora ramani. Mwaka 2021 iliongezwa ngazi nyingine ya wale wanaoshuka kwenye sayari kwa miguu na kuchunguza mimea na viumbe vidogo.

Ngazi ya vita bado inaanzia pale pale pa zamani, "asiye na madhara". Mchunguzi ambaye hakuwahi kuharibu chombo cha mtu anaweza kuwa Elite upande mmoja na "asiye na madhara" upande mwingine, na wako wanaojivunia kuyabeba majina hayo mawili pamoja. Neno lililokuwa la dharau mwaka 1984 limekuwa kwao ushuhuda wa namna walivyosafiri.

Ukubwa wa galaksi

Galaksi ya mchezo imetengenezwa kwa kufuata ile tunayoishi ndani yake, ile inayoonekana usiku usio na mwezi kama ukanda mweupe angani. Ndani yake kuna mifumo ya nyota bilioni 400 hivi. Nyota zinazojulikana na wanaanga zimewekwa mahali pake. Zile zisizojulikana zimekadiriwa na kompyuta kwa kufuata kanuni za elimu ya anga. Mtu angetembelea mfumo mmoja kila sekunde, mchana na usiku, angehitaji zaidi ya miaka 12,000 kuimaliza yote. Mpaka leo wachezaji wote kwa pamoja wamefikia chini ya asilimia 1.

Umbali unapimwa kwa miaka ya nuru. Mwaka mmoja wa nuru ni safari ya mwanga kwa mwaka mzima, karibu kilomita trilioni 9.5. Vyombo vya mchezo vinaruka kutoka nyota moja hadi nyingine. Chombo cha kawaida kinaruka miaka ya nuru 10 au 20 kwa mara moja. Kilichotengenezwa vizuri kwa ajili ya safari kinapita 50.

Wanadamu wengi wa mchezo wanakaa katika eneo moja, kwenye maelfu ya mifumo inayolizunguka Jua letu. Huko ndiko kwenye masoko, vituo, serikali, polisi, maharamia na vita. Ukitoka nje ya eneo hilo, kunabaki nyota na ukimya. Haramia hana la kufanya mahali pasipopita mizigo. Ndiyo sababu mchezaji asiyetaka vita, akishapita mpaka wa eneo la watu, anaweza kusafiri majuma mengi bila kukutana na mtu.

Kazi ya mchunguzi

Mchunguzi akifika kwenye nyota, anapiga kwanza mlio wa kupima, unaomwonyesha kuna vitu vingapi pale. Kisha anasikiliza mawimbi yao kimoja kimoja na kujua hii ni sayari ya mawe, hii ya barafu, hii ya gesi, na hii ina maji na hewa. Akitaka ramani kamili, anaikaribia sayari na kurusha vipimo vidogo mpaka uso wake wote uonekane. Ripoti hizo anazihifadhi ndani ya chombo, na akirudi kituoni anaziuza. Sayari yenye maji, au inayofanana na dunia yetu, inalipwa vizuri kuliko jiwe tupu.

Aliyefika wa kwanza na kurudi kuuza ripoti yake anaandikiwa jina lake juu ya nyota ile. Mchezaji mwingine atakayepita pale, hata miaka kumi baadaye, atalisoma.

Hapo ndipo hatari ya kazi hii ilipo. Ripoti ambazo hazijauzwa zinapotea zote chombo kikiharibika. Chombo chenyewe kina bima: mchezaji analipa kama asilimia 5 ya bei yake na anarudishiwa kingine. Lakini kazi ya miezi mitatu haina bima. Aliyesafiri mbali hadi upande wa pili wa galaksi anarudi na mzigo asioweza kuulinda kwa bunduki, na kila hatua ya kurudi nyumbani inamtaka uangalifu zaidi kuliko ile ya kwenda.

Maadui wake wakubwa si watu. Wa kwanza ni mafuta. Chombo kinajaza tangi kwa kupita karibu na nyota na kuchota gesi yake, lakini si kila nyota inatoa mafuta. Wachezaji wanakariri herufi za aina saba zinazotoa: O, B, A, F, G, K na M. Anayeruka bila kuangalia ramani anaweza kujikuta katikati ya nyota baridi zisizo na kitu, tangi likiwa tupu. Adui wa pili ni joto: ukikaribia nyota kupita kiasi, chombo kinaungua. Wa tatu ni mvutano wa sayari kubwa, ambao unakivuta chini kwa nguvu chombo cha mtu aliyezoea sayari nyepesi na kukibamiza kwenye mawe. Wachunguzi wengi wamepoteza kazi ya miezi kwa kutua vibaya, bila adui yeyote kuwapo.

Silaha ni uzito

Kila chombo kinachouzwa kina mahali pa kufunga silaha, na hata chombo kidogo cha kuanzia kinakuja na leza mbili. Mchunguzi anaziondoa. Kwanza anafanya hivyo kwa hesabu tu: umbali ambao chombo kinaruka unategemea uzito wake. Silaha ndogo ina tani 2, ya kati tani 4, kubwa tani 8, na ile kubwa kuliko zote tani 16. Kila tani inayoondolewa inasogeza mbele kidogo umbali wa kuruka. Anayetaka kufika mbali anaondoa silaha, anachagua vifaa vyepesi, na kuacha ngao ndogo ya kumsaidia akigusa ardhi vibaya.

Vyombo vinavyopendwa kwa kazi hii ni kama Diamondback Explorer, Asp Explorer na Anaconda. Huyo wa mwisho ni mkubwa, na wapiganaji pia wanampenda. Akivuliwa silaha na vyuma vya kujikinga anakuwa mmoja wa wale wanaoruka mbali zaidi. Chombo ni kile kile, na mwenyewe ndiye anayeamua kitakuwa cha kazi gani.

Mafundi wa kuboresha vyombo, ambao ni wahusika wa ndani ya mchezo, wana masharti yao. Baadhi yao hawampokei mtu asiyepigana. Lakini yuko Felicity Farseer, anayeboresha injini ya kuruka, naye anataka mgeni awe amepanda kidogo kwenye ngazi ya uchunguzi na amletee tani 1 ya bidhaa fulani inayoweza kununuliwa. Fundi mwingine, Palin, anamtaka mtu awe amesafiri miaka ya nuru 5,000. Kwa hiyo asiyepigana anakosa vifaa fulani, hasa vya vita, lakini anapata kile anachokihitaji kuliko vyote: injini ya kumpeleka mbali.

Ukivutwa njiani

Mtu asiye na silaha bado atakutana na wenye silaha, hasa karibu na masoko. Haramia anaweza kumvuta kutoka kwenye mwendo wa kasi na kumlazimisha asimame. Wachezaji wa amani wamejifunza namna ya kuponyoka, na wanawafundisha wapya kabla ya jambo lingine lolote.

Kwanza, usibebe mzigo usiohitajika. Maharamia wanaoendeshwa na kompyuta wanatafuta bidhaa, na aliye na ghala tupu hana cha kunyang'anywa. Pili, ukivutwa na mwenye nguvu kuliko wewe, usishindane naye. Punguza mwendo hadi sifuri na kubali kutolewa. Injini ya anayekubali inakuwa tayari kuruka tena mapema kuliko ya aliyeshindana akashindwa. Tatu, ukishatoka, ongeza kasi na chagua mfumo mwingine wa nyota, si kituo cha karibu. Chombo kikubwa kilicho jirani kinachelewesha injini ya anayekimbilia mahali pa karibu, lakini hakiwezi kumchelewesha anayerukia nyota nyingine. Nne, usigeuke nyuma kuangalia.

Wasomaji wetu wengi hawahitaji kufundishwa kwamba kukimbia kunataka akili. Katika mchezo huu pia anayejua kuponyoka si mwoga. Ni mtu aliyejitayarisha mapema, anayejua uzito wa chombo chake na njia ya kutokea.

Kuna pia njia ya kuepuka hatari ya wachezaji wengine kabisa. Kila anapoingia, mtu anachagua kucheza pamoja na wote, kucheza peke yake, au kucheza ndani ya kikundi cha watu walioalikwa. Kikundi kiitwacho Mobius kiliundwa kwa ajili ya wale wanaotaka kukutana na wengine bila kupigana nao, nacho kikapata maelfu kwa maelfu ya washiriki. Sharti lake kuu ni kutomshambulia mshiriki mwenzako. Mchezo wenyewe haulilazimishi sharti hilo. Linasimama kwa ahadi. Uliwahi kufika wakati ambapo watu walijiunga kwa hila, wakaingia ndani na kuwaharibia vyombo wale waliokuwa wamewaamini. Viongozi wa kikundi waliwafukuza, na kikundi kikaendelea. Jambo hili linafaa kukumbukwa: hata mahali pa amani panahitaji walinzi wa mlango na watu wanaoshika neno lao.

Panya wa Mafuta

Kazi inayojulikana kuliko zote za wachezaji wasiopigana haikutengenezwa na kampuni. Wachezaji wenyewe waliianzisha katika miaka ya kwanza ya mchezo. Wanajiita Fuel Rats, yaani Panya wa Mafuta, na kazi yao ni kumfikia mtu aliyeishiwa mafuta popote alipo na kumwongezea bila malipo.

Utaratibu wao ni wa kuvutia. Chombo kikiisha mafuta, umeme unazimika, na hewa ya akiba inaanza kuhesabiwa: dakika 5 kwa kifaa cha bei ndogo, dakika 25 kwa kile kizuri kabisa. Kwa hiyo mapema kabisa wanamwuliza anayeita msaada jambo moja la muhimu. Wanauliza kama ameanza kutumia hewa ya akiba. Kama ameanza, wanamwambia atoke kwenye mchezo mara moja, kwa sababu akitoka saa inasimama. Kisha wanapanga kwa utulivu: nani yuko karibu, ataruka mara ngapi, atafika baada ya muda gani. Panya akiwa tayari, mwenye shida anaambiwa arudi, awashe ishara yake, na vidude vidogo vinavyojiendesha vinampelekea mafuta, kimoja kikibeba hadi tani 1.

Wamewaokoa watu makumi ya maelfu kwa namna hiyo. Wengine walikuwa hatua moja tu kutoka kituoni. Wengine walikuwa mbali sana na eneo la watu, na Panya alisafiri saa nyingi, wakati mwingine siku, kumfikia mtu mmoja asiyemfahamu. Hawaulizi kama ni mfanyabiashara au haramia, wala hawamlaumu kwa uzembe wake. Wanachomfundisha baadaye ni zile herufi saba za nyota zenye mafuta. Kikundi kingine, Hull Seals, kinafanya kazi kama hiyo kwa vyombo vilivyovunjika, kikivipelekea vidude vya kutengeneza huko huko vilipo.

Kuwatoa watu katika moto

Kuanzia Desemba 2017, hadithi ya mchezo ilileta mashambulizi ya viumbe wageni waitwao Thargoid juu ya vituo vya anga. Vituo viliwaka moto ndani, na watu wake walihitaji kuhamishwa. Wapiganaji walikwenda kupigana. Wengine walifunga viti vya abiria mahali pa mizigo, wakaingia ndani ya kituo chenye moshi na milipuko, wakapakia wakimbizi na kuwapeleka kwenye meli kubwa za uokoaji zilizosimama karibu.

Kazi hiyo ilitaka ustadi. Joto la ndani ya kituo linapanda haraka, na chombo kinaweza kuungua kabla abiria hawajakaa. Madereva walijifunza kutumia vifaa vya kutupa joto nje, kuingia taratibu katikati ya mabaki yanayoelea, na kutoka upesi. Walilipwa, na majina yao yalipanda. Lakini wengi waliendelea safari baada ya safari hata walipokuwa na pesa za kutosha, kwa sababu kituo kilikuwa bado kina watu.

Safari ya pamoja

Januari 2019 ilianza safari iliyoitwa Distant Worlds 2. Zaidi ya watu 10,000 walijiandikisha kuvuka galaksi pamoja, kutoka eneo la wanadamu hadi Beagle Point, mahali palipo umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 65,000 kutoka kwenye Jua. Kwa chombo kinachoruka 50, hizo ni hatua 1,300 za kwenda tu. Walisafiri kwa vituo, juma baada ya juma, wakikutana, wakipiga picha na kuulizana hali.

Njiani walifanya jambo lililobaki. Karibu na Sagittarius A*, shimo jeusi lililo katikati ya galaksi, walichimba madini na kukusanya bidhaa kusudi kijengwe kituo kipya. Kinaitwa Explorer's Anchorage, na mpaka sasa msafiri wa mbali anaweza kutua pale, kutengeneza chombo chake na kuuza ripoti zake bila kurudi miaka ya nuru 26,000 hadi nyumbani. Watu waliosafiri bila silaha waliwaachia wenzao mahali pa kupumzikia.

Mikono isiyopiga risasi inaweza kubeba risasi

Tusije tukadhani kwamba anayeondoa silaha kwenye chombo chake amemaliza mambo yote. Masoko ya mchezo yanauza chakula na dawa, lakini yanauza pia silaha za vita, na katika dola moja biashara ya watumwa ni halali. Mfanyabiashara anaweza kupanda hadi Elite bila kupiga risasi hata moja, huku ghala lake likiwa limejaa bunduki za wengine. Mchezo hautamwuliza. Utahesabu faida tu.

Hata mchunguzi hayuko nje kabisa. Ripoti anazouza kituoni zinaongeza nguvu ya chama kinachokitawala kituo hicho, na vyama vinagombania mifumo, wakati mwingine kwa vita. Ndiyo sababu wachezaji wenye kujali wanaangalia mambo mawili kabla ya kufanya biashara: ninabeba nini, na ninamwuzia nani. Sisi tunaoishi karibu na barabara za madini tunalijua swali hilo bila kompyuta.

Michezo mingine ya aina hii

Kuna michezo ya anga ambayo haina vita hata kidogo. Outer Wilds, uliotolewa mwaka 2019, hauna silaha yoyote: mchezaji anazunguka mfumo mdogo wa jua, ana dakika 22 kabla jua halijalipuka na yote kuanza upya, na kitu pekee anachokusanya ni maarifa. No Man's Sky wa kampuni ya Hello Games, uliotolewa mwaka 2016, una maadui, lakini baadaye uliongezewa namna za kucheza ambazo mtu anapunguza hatari au kuiondoa na kubaki na kusafiri na kujenga.

Tofauti ya Elite Dangerous ni kwamba hapa vita havikuondolewa. Viko kando ya barabara wakati wote, vinalipa, na mtu anavikataa mwenyewe kila siku.

Maswali ya kumwuliza kijana

Mzazi au kiongozi wa vijana hahitaji kujua kucheza ili azungumze na mtoto juu ya mchezo wake. Aketi karibu naye, aangalie nusu saa, kisha aulize mambo machache:

Mchezo huu unahesabu nini? Ukishinda, wameandika namba ya kitu gani?

Mtu asiyetaka kupigana anaweza kuucheza? Akiucheza, anaweza kupanda cheo, au atabaki chini?

Je, inawezekana kumsaidia mchezaji mwingine aliye katika shida? Umewahi kufanya hivyo, au kufanyiwa?

Mizigo unayobeba inakwenda kwa nani?

Majibu yatamwonyesha mzazi mengi kuliko jina la mchezo au milio inayotoka kwenye simu. Maswali hayo hayo yanaweza kutumiwa katika mkutano wa vijana, hata pale ambapo hakuna kompyuta: kila mmoja ataje mchezo anaoujua, wa simu, wa karata au wa mpira, na aeleze unahesabu nini na unamwachia nani nafasi ya kuheshimiwa.